E407: Jeli ya mwani ndani ya maziwa yako

Leo naweka programu kando kidogo. Juzi dukani hapa Nakuru nilinunua pakiti ya maziwa ya chokoleti. Sisi wa kompyuta tuna ugonjwa wa kusoma kila namba, nikakuta E407. Nikadhani ni kosa la seva! Kumbe ni karaginani, jeli inayotokana na mwani wa baharini.

Kwa wasiojua, hii ni haidrojeli, yaani nyuzi ndefu za molekuli zilizoshikana kama wavu na kufungia maji ndani. Kwenye maji moto nyuzi za karaginani hutawanyika. Yakipoa hujisokota na kunasa maji. Kwenye maziwa hushikana pia na protini, ndiyo maana kakao haizami chini ya pakiti. Lenzi laini za macho ni ndugu zake. Otto Wichterle wa Chekoslovakia alizitengeneza nyumbani mwaka 1961, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea watoto.

Sasa historia ya huku kwetu. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kutafiti mwani miaka mingi kabla haujawa biashara ya kilimo. Mwaka 1989 kilimo chenyewe kikaanza Paje na Jambiani, Zanzibar, kwa mbegu zenye asili ya Ufilipino. Wengi walioingia ni akina mama. Maji yakitoka wanapigilia mambo mchangani, wanafunga mwani kwenye kamba, wanangoja kama wiki sita, wanavuna na kuanika. Wengi walipata pesa zao wenyewe, wakanunua sare za shule na kujenga nyumba.

Lakini kuna mbegu mbili. Kotoni hutoa jeli ngumu na bei yake ni nzuri. Spinosamu ni ya bei ya chini. Bahari ilipozidi joto, kotoni ikafa sehemu nyingi. Kwenye maji ya kina inaweza kustahimili, ila akina mama wengi hawajui kuogelea.

Hata madaktari waliitumainia jeli hii. Huko Afrika Kusini wanawake zaidi ya 6,000 walishiriki kupima kama inazuia virusi vya UKIMWI. Matokeo ya mwaka 2008: ni salama, lakini haizuii. Leo karaginani hutumika kutengenezea vidonge laini badala ya jelatini ya wanyama.

Kinachoniuma ni hiki. Kwa miaka mingi mwani mwingi umeondoka Zanzibar ukiwa mkavu tu, na thamani ikaongezwa viwandani ng'ambo. Hapa Kenya akina mama wa Kibuyuni, Kwale, nao wanalima. Pakiti yangu inataja kampuni ya maziwa, na ng'ombe wa Njoro na Molo tunawajua. Aliyesimama majini kufunga kamba amebaki herufi moja na tarakimu tatu.

Haya, kasome pakiti yako uniambie umekuta nini!