Mathari kwa Dirisha la Matatu

Kila nikitoka Thika kwenda tao, tukishapita Ruiru najua Mathari haiko mbali. Makanga akiitaja, abiria hucheka. Mimi sicheki.

Ilifunguliwa 1910. Kuanzia 1938 iliongozwa na J.C. Carothers, daktari aliyepewa kazi hiyo kabla hajasomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kinachomlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Eti sayansi! 1954 serikali ya kikoloni ikamwomba aieleze Mau Mau, naye akatafuta sababu akilini mwa watu kuliko mashambani mwao.

Shosho wangu wa Ruiru alikulia kijiji cha Emajensi, ndani ya mtaro wa miti iliyochongwa. Hasemi ana wasiwasi. Husema moyo unadunda usiku. Daktari mmoja kijana, rika langu, alimpima presha, akamwambia yuko sawa. Hakuuliza utoto wake ulikuwa wapi. Darasani nani alimfundisha kuuliza? Siku hizi Mathari ni hospitali ya kufundishia, na Thika inasomesha madaktari. Carothers wamsome wodini humo humo.

Nilimuuliza mimi, tukimenya viazi, stima imepotea. Aliongea mpaka ikarudi.