ADHD kwa watu wazima wa Ngara na Biharamulo

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu ashindwe kudumisha umakini, asitulie, au atende kabla ya kufikiri, kiasi cha kuvuruga kazi, masomo na mahusiano yake. Huanza utotoni. Daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake wa London mwaka 1902 juu ya watoto wa namna hiyo, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata iliaminika kwamba mtoto akikua hali humwisha. Wengi haiwaishi. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 20, uliochapishwa 2017, ulikadiria kuwa asilimia 2.8 ya watu wazima wanayo.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mtu mzima wa aina hii huweza kuishi miaka mingi akiitwa mvivu au mzembe. Huanza palizi ya maharage akaiacha katikati na kuhamia migombani, huenda gulioni akasahau alichotumwa, huuza kahawa na fedha zikaisha kabla ya ada ya shule. Wanawake huchelewa zaidi kutambuliwa: msichana mwenye ADHD mara nyingi hasumbui darasani, huketi kimya mawazo yakiwa mbali, na hakuna anayemtilia shaka.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013, unaofuatwa katika nchi nyingi, unataka mwenye miaka 17 au zaidi awe na angalau dalili tano za kukosa umakini, au tano za kutotulia na pupa. Baadhi ziwe zilijitokeza kabla ya miaka 12, na zionekane katika mazingira zaidi ya mamoja. Hapo kwenye miaka 12 ndipo penye kazi. Ripoti za shule ya msingi ni nadra kutunzwa, kwa hiyo ushahidi wenyewe ni watu: mama, shangazi, kaka mkubwa, mwalimu mstaafu. Ushahidi huo usidharauliwe. Mama aliyelea watoto sita anajua vizuri ni yupi alitumwa maji akarudi bila ndoo, na kwamba haikuwa mara moja.

Dodoso linalotumika sana, lililoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lina maswali 18, na sita ya mwanzo hutosha kwa uchujaji. Baadhi yanahusu kutulia mkutanoni na kukumbuka miadi. Kwa mkulima, mhojaji makini atauliza mambo hayohayo kwa kupitia ibada, kikao cha msiba, foleni ya zahanati na msimu wa kupanda. Asipofanya hivyo, alama zitapungua bila sababu.

Utoto wa huku una mambo mawili ambayo lazima yaulizwe. La kwanza ni malaria. Uchunguzi wa kitaifa wa 2007–08 uliikuta Kagera ikiongoza Tanzania Bara, takriban asilimia 41 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa na vimelea. Watoto hao sasa ni watu wazima. Utafiti wa Kampala uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, hasa wa umakini. Aliyekuwa mtulivu hadi alipougua, kisha akabadilika, ana historia tofauti na ya aliyekuwa hivyo tangu alipoanza kutembea.

La pili ni mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, karibu watu 250,000 waliokimbia vita Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja, na kambi ya Benako ikazaliwa. Anayeishi na kumbukumbu za vita, awe mkimbizi au mwenyeji, naye hukosa umakini, hushtuka ovyo na kulala vibaya. Sonona, kifafa na pombe huleta picha inayofanana. Mtu mmoja anaweza kuwa na ADHD pamoja na mojawapo ya hayo, na kupata moja kusimfanye mganga aache kutafuta jingine.

Safari ya utambuzi huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Ngara ina pia hospitali za makanisa, Murgwanza ya Waanglikana na Rulenge ya Wakatoliki. Rufaa huelekea Bukoba, au Bugando jijini Mwanza, hospitali ya kanda yenye idara ya magonjwa ya akili. Hadi Juni 2025 waliopita Geita na Sengerema walisubiri kivuko cha Busisi. Sasa kuna daraja la kilomita 3. Nauli ya watu wawili ni mzigo, lakini kwenda na ndugu anayeujua utoto wa mgonjwa huweza kuokoa safari ya pili.

Dawa iliyochunguzwa zaidi, methilifenideti, inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa 1971, na mwaka 2019 na 2021 maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa. Huo ni uamuzi unaoziumiza wilaya za pembezoni, kwani dawa iliyo nje ya orodha hiyo ni rahisi kusahauliwa katika ununuzi wa serikali. Zipo njia zisizohitaji dawa: kengele ya simu, kugawanya kazi vipande vifupi, kumkabidhi mwenza fedha za mavuno, na ushauri nasaha. Anayepata dawa hupimwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo kila dozi inapobadilishwa, kazi ambayo zahanati ya kijijini kwake inaiweza.