Upangishaji wa Tovuti Tuli: Tangu CERN hadi Kuburuta na Kudondosha

Tovuti tuli ni mkusanyo wa mafaili yaliyokwisha kuandikwa, ambayo seva humpelekea msomaji kama yalivyo, bila kuyatunga upya kila yanapoombwa. Kinyume chake ni tovuti ambayo kurasa zake huundwa papo hapo na programu itoayo habari katika hifadhidata. Kwa mfano, ukurasa wa utenzi uliohaririwa na kuwekwa ili usomwe ni wa namna ya kwanza. Ukurasa wa benki uonyeshao salio la kila mteja ni wa namna ya pili. Siku hizi mtu aliye na folda moja ya kurasa tuli aweza kuiburuta kwa kipanya, akaidondosha katika dirisha la kivinjari, na baada ya muda mfupi sana kurasa zake zikasomeka katika nchi zote. Tendo hilo ni dogo, lakini nyuma yake iko historia ya zaidi ya miaka hamsini. Historia hiyo yastahili kuchunguzwa, kwa kuwa karibu kila hatua iliyompunguzia mwandishi kazi ilimpunguzia pia mamlaka juu ya mahali kazi yake ikaapo, na wawekao maandishi ya Kiswahili katika intaneti hawakusalimika na jambo hilo.

Kabla ya kuitazama historia yenyewe, yafaa kuyatazama maneno. Kiingereza kilichukua jina la shughuli hii katika ukarimu: mwenye seva huitwa kwa neno la mwenyeji, na tovuti ikawa kama mgeni aliyekaribishwa. Kiswahili cha kompyuta nacho hulitumia neno mwenyeji, lakini kina neno jingine, upangishaji, litokanalo na kupanga, yaani kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi. Maneno haya mawili hayalingani. Mgeni hadaiwi kodi, wala hana haki ya kudai chumba. Mpangaji hulipa, naye hutazamia kupewa taarifa kabla ya kuondolewa. Itaonekana kwamba wengi waliopewa nafasi bure walikaribishwa kama wageni, lakini waliishi kama wapangaji, tena kwa mkataba ulioandikwa na upande mmoja.

Mwezi wa Aprili 1971 Abhay Bhushan, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitoa maelezo ya kwanza ya itifaki ya kuhamisha mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ile ijulikanayo kwa herufi FTP. Wakati huo haikuwako tovuti hata moja. Haja ilikuwa kuwawezesha watafiti kuyatumia mafaili yaliyo mbali nao. Hata hivyo, baadaye itifaki hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kupandisha kurasa kwenye seva kwa miaka mingi. Aliyeitumia alipaswa kujua jina la seva, jina lake la mtumiaji, neno la siri na folda ipasayo, na kosa katika moja ya hayo lilitosha kuizuia kazi yote.

Tovuti ya kwanza ilitengenezwa na Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, mwishoni mwa mwaka 1990. Ilikaa katika kompyuta yake ya kazini, ya aina ya NeXT, iliyobandikwa karatasi ya kuonya kwamba mashine hiyo ni seva, wala isizimwe. Kivinjari chake cha kwanza kilikuwa pia chombo cha kuandikia: aliyeufungua ukurasa wake aliweza kuuhariri na kuuhifadhi kwa programu ileile. Basi mwanzoni msomaji, mwandishi na mwenye seva walikaribia kuwa mtu mmoja. Mradi ulitangazwa kwa umma tarehe 6 Agosti 1991, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilizitoa programu za msingi ziwe mali ya watu wote bila malipo. Lakini vivinjari vilivyoenea baada ya hapo, kama Mosaic cha mwaka 1993, vilitengenezwa hasa kwa kusoma. Kusoma kukawa kwa kila mtu. Kuandika kukabaki kwa wale waliokuwa na seva, au waliomjua mwenye seva.

Wa kwanza kuwa na nafasi hiyo walikuwa watu wa vyuo vikuu. Mwalimu au mwanafunzi aliyepewa akaunti katika kompyuta ya chuo aliyaweka mafaili yake katika folda maalumu, na anwani yake ikawa jina la chuo, alama ya kiwimbi, kisha jina lake mwenyewe. Nafasi hiyo haikuhitaji kodi, ila kwa kawaida ilikoma pale uhusiano wa mtu na chuo ulipokoma. Kiswahili kilinufaika mapema na utaratibu wa vyuo: mradi wa kamusi ya Kiswahili ya intaneti ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, na kwa miaka kadhaa wasomaji waliufikia kwa anwani ya chuo hicho, kabla haujahamia anwani yake wenyewe. Ijapokuwa kamusi hiyo haikuwa ya kurasa tuli peke yake, mfano wake wafundisha jambo. Kamusi ilihama, lakini anwani ya kwanza iliyokwisha kuchapwa katika kitabu au tasnifu haiwezi kuhama pamoja nayo.

Kwa umma usio wa vyuo, mlango ulifunguliwa na kampuni iliyoanzishwa na David Bohnett na John Rezner huko California mwezi Novemba 1994, ambayo baadaye iliitwa GeoCities. Waligawa nafasi yao kwa mitaa: Hollywood kwa mambo ya sinema, Athens kwa elimu na falsafa, CapeCanaveral kwa sayansi. Mkazi alichagua mtaa, akapewa namba, na namba hiyo ikawa sehemu ya anwani yake. Hakulipa kitu. Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la GeoCities lilikuwa tangazo la biashara lililoambatishwa kwenye ukurasa wa mkazi, apende asipende.

Mwezi Januari 1999 Yahoo ilitangaza kuinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya dola za Marekani bilioni 3.57 hivi. Miezi michache baadaye yalitolewa masharti mapya yaliyoonekana kuipa kampuni haki pana mno juu ya maandishi na picha za wakazi. Wakazi walilalamika, wengine wakaziondoa kurasa zao, na masharti hayo yakarekebishwa. Hiyo yaweza kuhesabiwa kuwa mara ya kwanza umma mkubwa wa waandishi wa kurasa kutambua kwamba nyumba ni yao na kiwanja si chao.

Wakati huohuo mtindo wa kutengeneza tovuti ulikuwa ukibadilika. Lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL, zote za mwaka 1995, ziliwezesha ukurasa kuundwa upya kwa kila msomaji, na mwaka 2003 ilitolewa programu ya WordPress, iliyomwezesha mwandishi kuandika ndani ya kivinjari bila kujua FTP. Faida ilikuwa kubwa, nayo gharama haikuonekana mara moja. Tovuti ya aya tatu ilihitaji sasa mitambo ileile iliyohitajiwa na duka kubwa: programu ya kuendeshwa mchana na usiku, hifadhidata ya kutunzwa, na matoleo mapya ya kuwekwa kila mara ili wadukuzi wasipate pa kuingilia. Mwenye tovuti akisahau kufanya hayo, kazi yake yaweza kuharibika ingawa hakubadilisha neno lolote.

Mwaka 2009 yalitokea mambo mawili ambayo kwa kawaida hayatajwi pamoja. Mwezi Julai kebo ya SEACOM, iliyopita chini ya bahari, ilianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, ikifika Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti ya pwani hiyo na ng'ambo yalitegemea zaidi setilaiti, yenye gharama kubwa na mwendo wa taratibu. Kisha tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo GeoCities ilifungwa, isipokuwa tawi la Japani lililodumu hadi tarehe 31 Machi 2019. Kwa hiyo, pale ambapo mwandishi wa Mombasa alipata njia nzuri ya kupandisha kurasa zake, mji mkubwa kuliko yote uliojengwa kwa kurasa za namna hiyo ulikuwa ukibomolewa.

Kurasa za GeoCities hukadiriwa kuwa zilifika milioni 38. Hazikupotea zote. Internet Archive, na kikundi cha kujitolea kiitwacho Archive Team kilichoongozwa na Jason Scott, walizinakili kadiri walivyoweza kabla ya siku ya mwisho, na mwaka 2010 kikundi hicho kikaitoa nakala yake kwa umma. Kuna sababu ya kitaalamu iliyoiwezesha kazi hiyo, nayo ndiyo kiini cha jambo lote: nyingi za kurasa hizo zilikuwa tuli. Faili tuli likinakiliwa limenakiliwa kamili. Nakala yake hufanya kazi katika seva nyingine, hata katika kompyuta isiyo na intaneti. Tovuti itegemeayo hifadhidata haiokolewi kwa njia hiyo, kwa kuwa anayeitazama kutoka nje huona jibu alilopewa tu, wala hakioni kile kilicholitoa jibu.

Kurudi kwa tovuti tuli kulianza kabla GeoCities haijafungwa. Mwaka 2008 Tom Preston-Werner alitoa programu ya Jekyll, ambayo huyachukua maandishi ya kawaida na kuyageuza kuwa kurasa kamili mara moja tu, katika kompyuta ya mwandishi, kabla ya kupandishwa. Mwezi Desemba mwaka huohuo GitHub ilianza kuzipangisha kurasa za namna hiyo bure. Mwaka 2011 Amazon iliruhusu hifadhi yake ya mafaili, iliyoanzishwa mwaka 2006, itumike kama tovuti tuli. Mwaka 2013 Kyle Drake alianzisha Neocities, kwa jina na nia ya kuukumbuka mji uliobomolewa.

Lililobaki lilikuwa kuondoa amri na maneno ya siri. Kuburuta alama ya faili kwa kipanya kulizoeleka kwa watu wengi tangu kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, lakini kwa miaka mingi kivinjari hakikuweza kupokea faili lililodondoshwa juu yake na kulisoma. Uwezo huo ulifika katika Firefox 3.6 mwaka 2010, na miaka miwili baadaye Chrome kikaweza kupokea folda nzima. Mathias Biilmann na Christian Bach waliutumia katika BitBalloon mwaka 2013, kisha katika Netlify. Na mwaka 2018 Netlify ikatoa ukurasa maalumu wa kudondoshea folda, ambao hata haukumtaka mtu ajiandikishe kwanza. Folda ikidondoshwa, mafaili hupelekwa kwenye seva, tovuti hupewa jina la bahati nasibu chini ya jina la kampuni, na nakala zake hutawanywa katika seva za mabara mbalimbali ili kila msomaji ahudumiwe na iliyo karibu naye. Hata cheti cha usalama hutolewa papo hapo. Jambo hilo lilirahisishwa sana na shirika la Let's Encrypt, lililoanza kutoa vyeti bure kwa umma mwishoni mwa mwaka 2015.

Basi mduara umetimia: kuandika kumekuwa rahisi tena karibu kama ilivyokuwa katika mashine ile ya CERN. Tofauti ni kwamba mashine si ya mwandishi. Kwa masharti ya mwanzo ya ukurasa ule wa mwaka 2018, tovuti ambayo mwenyewe hakujiandikisha kuidai iliondolewa baada ya saa 24. Sharti hilo halikukosa sababu, kwa maana mlango usio na bawabu huingiwa pia na walaghai watengenezao kurasa za kuiba maneno ya siri. Wengine waliokuwa wakiruhusu folda ya kawaida isomwe kama tovuti waliifunga njia hiyo kabisa: Google Drive tarehe 31 Agosti 2016, na Dropbox hatua kwa hatua hadi mwaka 2017. Wenye folda walibaki na mafaili yao, lakini anwani walizokwisha kuwapa wasomaji hazikufungua kitu tena.

Wataalamu wa Kiswahili wana sababu ya kulipima jambo hili kwa makini. Orodha ya maneno ya lahaja, matini ya utenzi pamoja na tafsiri yake, faharasa ya miswada: hizi ni kazi zifaazo sana kwa tovuti tuli, maana hazibadiliki kwa kila msomaji, nazo huweza kuwekwa na mtu mmoja asiye na fedha wala fundi. Urahisi huo si wa kudharauliwa. Ila usichukuliwe kuwa ni uhifadhi. Upangishaji wa papo hapo hutoa mahali pa kusomwa. Uhifadhi wahitaji folda ya asili itunzwe na mwenyewe, nakala ikabidhiwe maktaba, na anwani iwe ya jina alilolisajili mwandishi au taasisi yake, ili seva ikibadilishwa msomaji asipotee njia.

Hata waanzilishi hawakuliepuka kosa hilo. Mwaka 2013 CERN ilipoirudisha tovuti ya kwanza katika anwani yake ya asili, nakala ya zamani iliyopatikana ilikuwa ya mwaka 1992. Ukurasa ulikuwa umehaririwa mara kwa mara, wala hakuna aliyeweka kando ule uliotangulia. Seva haikuzimwa, kama karatasi ile ilivyoagiza. Lakini karatasi haikumwagiza mtu kunakili.