Mlango wa Chini ya Behewa na Suali la Bibi

Najua nimeadimika. Wiki mbili hizi ilikuwa tesiti juu ya tesiti, na hapa dahalia umeme ukikatika basi hata simu inakuwa tofali. Lakini nimerudi, na leo sina umbea wa kampasi. Leo ni historia. Wale mnaosema historia ni kukariri tarehe, mukae chini kidogo na chai yenu.

Mwalimu wetu alitupa kazi ya muhula: chagua chombo kimoja cha usafiri cha Afrika Mashariki, kisha eleza kimebadilisha kazi ya nani. Wenzangu wakakimbilia jahazi, wengine bodaboda. Mie nikasema nitaandika reli ya Bububu, kwa sababu nyingi na moja ni uvivu. Napanda 502 karibu kila siku, njia yenyewe ni ile ile.

Kwa wageni wa ukurasa huu: ndiyo, Unguja tulikuwa na treni. Tena mbili. Ya kwanza ya Sultani Barghash, kutoka mjini mpaka kasri lake la Chukwani, kuanzia 1879. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadae akaagiza kichwa kidogo cha moshi Uingereza. Alipofariki 1888, mambo yake nayo yakafa. Ya pili ndiyo ya Bububu, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ikaanza 1905. Maili saba, kuanzia Ngome Kongwe, kupita kwenye vichochoro vya mji hadi Bububu. Kama umewahi kuona zile postikadi za zamani, treni imebanana na kuta na watu wamesimama vibarazani, basi ndiyo hiyo. (Na jamani, jina la Bububu si mlio wa treni kama tulivyodanganywa skuli. Bi Salme, binti wa Seyyid Said, ameitaja Bububu katika kitabu chake cha 1886, treni haijazaliwa.)

Sasa kuna kitu kinanifurahisha sana. Pale Beit el Raas, wengi wetu tunapita kwenye lile baraza kubwa la mawe bila hata kugeuza shingo. Ni mabaki ya kasri alilolianza Seyyid Said 1847, akafariki 1856 halijesha. Reli ya Bububu ilipojengwa, mawe mengi ya kasri lile yakachukuliwa kujengea reli. Yaliyobaki yakavunjwa 1947 kupisha skuli na chuo cha ualimu. Kwa hiyo tunaposomea ualimu pale tumekalia kasri, na kasri limekwenda kulalia chini ya treni.

Na treni nayo mwisho wake ulikuwa mawe. Serikali iliinunua 1911. Barabara zikatengenezwa, magari yakaja, na kufika 1922 abiria wakaachwa. Ikabaki kubeba mawe ya kujengea bandari ya Malindi, kisha ikang'olewa. Hii sehemu ya mwisho vitabu vinaipa mstari mmoja. Mie ndiyo iliyoninasa, kwa sababu bandari ile ndiyo aliyofanya kazi ya uchukuzi baba yake bibi yangu.

Wiki ile ile mwalimu akatuonesha video ya treni ya kokoto ya bara. Kwa asiyejua, reli haikai juu ya udongo mtupu. Chini ya mataruma kuna kokoto nyingi mno, na lazima ziongezwe kila mara kwa sababu treni inazisaga na mvua inazizamisha. Shirika la Reli lina machimbo yake ya kokoto Tura, Tabora. TAZARA wana yao Kongolo, Mbeya. Sasa kwenye video treni inakwenda polepole, mtu mmoja amesimama kwenye kijukwaa mwisho wa behewa anazungusha usukani, na kokoto zinamwagika zenyewe chini, kati ya reli na pembeni. Hakuna koleo. Hakuna karai. Darasa zima "ahaa!"

Nikaipakua, jioni nikamuonesha bibi. Aliitazama mara mbili, miwani kaishusha puani. Mie nasubiri aseme maajabu. Akasema, "Sasa na watu wake wamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta, na kutafuta kukanipeleka kwenye mlango wenyewe.

Mlango wa chini ya behewa ni kinyume cha mlango wetu wa Mji Mkongwe. Mlango wa Kiunguja umesimama, hauna haraka, mtu ndiye anayeusukuma. Mlango wa chini umelala, na tani kadhaa zimeukalia usiku na mchana zikitaka kutoka. Kuufungua si kazi, uzito wenyewe unaufungua. Kazi ni kuuzuia usifunguke, na kazi kubwa zaidi ni kuurudisha ukishafunguka.

Wa mwanzo kuutumia kwa wingi ni Waingereza wa kaskazini mashariki, upande wa Newcastle, kwenye makaa ya mawe. Gari zao zilikuwa za mbao, zikivutwa na farasi juu ya reli. Kila moja ilichukua kipimo cha makaa cha Newcastle, ambacho ni kama tani 2.7. Ubavuni zimeinama kama kikapu, pana juu na nyembamba chini, ili makaa yateleze. Sakafu ndiyo mlango: bawaba upande mmoja, na upande wa pili pingu ya chuma na pini. Gari inafika juu ya gati mtoni, mtu anapiga pini kwa nyundo, sakafu inaanguka, makaa yanaporomoka kwenye mfereji wa mbao mpaka ndani ya meli. Basi. Kufunga, mtu anainua sakafu na kurudisha pini.

Hiyo ni rahisi kwa tani 2.7. Behewa likikua, hakuna mkono wa kuinua mlango wake. Marekani, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, walipita njia ya mnyororo. Chini ya behewa kuna mhimili mrefu wa chuma, minyororo imefungwa kwenye milango, unauzungusha mhimili kwa wenzo na minyororo inajiviringisha huku ikivuta milango juu, kama kuteka maji kisimani. Ili usirudi nyuma kuna gurudumu la meno na kidole cha chuma kinachoingia kwenye jino. Kufungua unakiinua kile kidole. Tatizo mushaliona? Ukikiinua na wenzo bado uko mkononi, tani zote zile zinauzungusha wenzo kwa kasi, na wewe umeushika.

Hapa nisimame kidogo. Mjomba wangu ana gari ya mchanga. Likizo huwa naenda nae kupata nauli. Mlango wa nyuma wa gari ile unafungwa kwa komeo mbili, na mwaka juzi komeo moja ilikuwa imepinda. Kijana mwenzetu akaipiga kwa chuma ili ifunguke, mkono wa pili ameuegemeza kwenye ukingo. Mchanga ulishuka, mlango ukarudi. Vidole viwili. Mpaka leo anapeana mkono wa kushoto. Kwa hiyo mie nikisoma habari ya kidole cha chuma na jino, siisomi kama fundi.

Werevu mkubwa ulikuja na kitu ambacho mie nakiita goti. Chukua vyuma viwili, uviunge kama paja na muundi, kimoja kishikwe na mlango, chengine na behewa. Mtu akisimama goti limenyooka, unaweza kumtwisha gunia na asitetereke. Lakini tulipokuwa watoto, nani hajamgusa mwenziwe nyuma ya goti akaporomoka? Ndiyo hivyo hivyo. Vyuma vikinyooka na kupita kidogo upande wa pili, uzito wa mlango unazidi kuvikaza. Mzigo unajifungia wenyewe. Hakuna pini ya kuchomoka njiani. Ili kufungua unalirudisha goti kidogo tu, mzigo unamaliza kazi iliyobaki. Kwenye mabehewa mengi ya siku hizi wa kulirudisha goti si mtu tena, ni silinda ya hewa iliyobanwa, jamii moja na ile ya breki.

Na Waingereza wakafika mwisho wa njia. Kuanzia 1965 walikuwa na treni za makaa za kwenda vituo vya umeme ambazo hazikusimama kabisa. Behewa moja tani 32 za makaa. Treni inapita juu ya shimo taratibu kuliko mtu anayetembea, kando ya reli kuna kifaa kinachogonga wenzo wa behewa, milango inafunguka, makaa yanashuka. Mbele kidogo kifaa chengine kinaufunga. Treni inazunguka kurudi mgodini. Dereva hajashuka.

Nisije nikawadanganya kuwa mlango ni muujiza. Mzigo mkavu unateleza, mzigo uliorowa unagoma. Kwenye nchi za baridi makaa yanaganda kama barafu na watu wanarudi pale pale, na nyundo, wanapiga ubavu wa behewa. Na kokoto ukizimwaga nyingi mno zinafunika reli na kuangusha treni inayofuata. Ndiyo maana yule mtu wa kwenye video ana usukani: anapunguza, anaongeza, anatazama chini.

Lakini suali la bibi lilikuwa bado. Watu wake wamekwenda wapi?

Nikalipata jibu moja kule kule Newcastle, na lilinikosesha usingizi. Mto Tyne ulikuwa na watu wa mashua, waliokuwa wakichukua makaa sehemu za juu za mto, wanateremka nayo na kuyapakia kwenye meli kubwa kwa koleo. Kazi ngumu, lakini bila wao makaa hayafiki London. Wakigoma, London inahisi baridi. Ndipo zikazidi gati zile za mfereji, zinazomwaga makaa kutoka kwenye gari moja kwa moja mpaka melini. Mwaka 1822 watu wa mashua wakagoma. Wiki kumi. Wakarudi kazini mikono mitupu, na mifereji ikabaki. Pini moja ya chuma na nyundo moja vilikuwa vimeshachukua kile walichokuwa wakijivunia, kwamba bila wao hakitembei kitu.

Sasa rudini Malindi. Agosti 1948 wafanyakazi wa bandari, wa kampuni ya African Wharfage, waligoma. Maisha yalikuwa ghali baada ya vita, mshahara hautoshi. Kufika Septemba mgomo umeenea mji mzima, si wachukuzi peke yao tena, na serikali ya Mwingereza ikatahayari. Kwa nini iliwezekana? Vitabu vinataja maisha magumu na umoja, na ni kweli. Mie naongeza kimoja, na hiki ndicho nilichokiandika kwenye kazi yangu: kwa sababu Malindi ya 1948 ilikuwa bado haina mlango wa chini. Gunia la karafuu halitoki melini wala haliingii bila mgongo wa mtu. Mgongo ukikaa chini, bandari imefungwa. Watu wa Tyne waligoma mlango ukiwa umeshakuja. Wa kwetu waligoma kabla.

Baba yake bibi alikuwemo. Bibi alikuwa mtoto mdogo, anakumbuka kitu kimoja tu: baba yupo nyumbani mchana. Hajawahi kumuona mchana. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka na mama yake anamkanda mgongo kwa mafuta ya nazi.

Nilipomsomea bibi rasimu, nilifika pale niliposema mlango "ulimpora mchukuzi nguvu yake". Akanikata. "Andika na mgongo." Nikamwambia bibi, nazungumzia nguvu ya kudai haki. Akasema, "Nimekusikia. Andika na mgongo. Alikufa amepinda, walimlaza kwa tabu." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Sasa nina tatizo la kitaaluma, wadau. Mwalimu anataka hoja moja iliyonyooka. Mie ninazo mbili na zinagombana: mlango ule uliwanyang'anya watu kauli, na mlango ule ungemuacha baba yake bibi akatembea wima. Siku hizi Malindi makontena yananyanyuliwa na kreni, na vijana bado wanashindana kubeba mabegi ya wageni wanaoshuka boti. Kugoma hawawezi, maana hakuna kinachosimama wakikaa chini. Migongo nayo haijapona.

Nimeziacha zote mbili. Nimeikabidhi kazi jana saa nane na nusu mchana, nusu saa kabla ya muda, na rekodi hiyo kwangu ni ya kwanza. Maksi zikitoka nitawaambia, hata zikiwa za aibu.

Kama kuna mdau ambaye kwao kuna mzee aliyefanya kazi bandarini, au aliyehadithiwa treni ya Bububu na wazazi wake, aniandikie hapo chini. Natengeneza daftari. Na yule aliyeazima kamusi yangu dahalia, chumba unakijua.