Utengenezaji wa Filamu kwa Wanafunzi Walio Mbalimbali
Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kuthibitishwa nchini, Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule. Kidato cha sita na vyuo vilirejea tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni.

Katika kipindi kama hicho, wanafunzi waliotawanyika, mmoja milimani Mbinga na mwenzake ufukweni Mbamba Bay, wanaweza kutengeneza filamu moja, kila mmoja akirekodi alipo. Kinachowaunganisha ni muswada. Humo huandikwa kila onesho, saa ya siku, mavazi na upande anaotazama mhusika, ili wasiokutana waonekane wakizungumza ana kwa ana. Sauti ikirekodiwa kwa simu ya pili, kupiga makofi mara moja mwanzoni humsaidia mhariri kuioanisha na picha.

Muswada ni takwa la kisheria pia. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali kabla ya kurekodi, na maombi yaambatane na maelezo ya matukio na maneno ya wahusika. Filamu hukaguliwa na Bodi ya Filamu Tanzania kabla ya kuoneshwa hadharani.