Kutoka Rabai Hadi Simu Yako: Nani Ameshika Mkasi?



Ukitumiwa klipu ya sekunde 40, mhubiri akisema jambo la kushtua, unajiuliza nini kwanza? Wengi huuliza, "Amesema kweli?" Ni swali zuri, ila halitoshi. Uliza pia: ni nani aliyeikata hiyo klipu, na ametupa nini alipoikata? Leo nataka tupitie historia kidogo, maana mkasi huu una safari ndefu, na safari yenyewe imepita hapa kwetu pwani.

Anza na Rabai. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na muda mfupi baadaye akamzika mkewe na mtoto wake mchanga. Mwaka 1846, pamoja na mwenzake Rebmann, akaanzisha kituo Rabai. Ujumbe wake ulitembea kwa miguu. Aliyemsikia alimwona pia anavyoishi, alimwona akiugua homa, na aliweza kumbishia papo hapo. Wazee wa Rabai walimbishia kweli! Miaka ya kwanza, waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini msikilizaji hakuletewa kipande cha mtu. Aliletewa mtu mzima.

Picha za filamu zilipokuja mwishoni mwa karne hiyo, mambo yakabadilika. Filamu ilikuwa utepe unaokatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi. Karibu mwaka 1920 huko Urusi, mwalimu wa filamu aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso usioonyesha chochote. Akaiweka baada ya picha ya sahani ya supu, kisha uso uleule baada ya picha ya maiti kwenye jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: hapa ana njaa, hapa ana huzuni. Mpendwa, uso haukubadilika hata kidogo! Walichokiona kiliwekwa na aliyeunganisha.

Kanisa nalo likachukua chombo hicho, na sisemi ilikuwa vibaya. Filamu ya Yesu iliyotoka mwaka 1979 imetafsiriwa kwa Kiswahili na kuonyeshwa vijijini kwa projekta na shuka nyeupe, na wengi waliokoka wakiwa wameketi mchangani. Ila kumbuka, wakati ule mkasi ulikuwa mikononi mwa wachache. Kutengeneza filamu kulihitaji studio na pesa nyingi. Hata uhariri ulipohamia kwenye kompyuta, kwa mitambo kama Avid ya mwaka 1989, bei yake ilikuwa ya kampuni kubwa tu.

Kilichofungua mlango kwetu kilipita chini ya bahari. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, intaneti ikaanza kuwa ya haraka na nafuu. Kisha simu zikapata kamera nzuri. Machi 2020, korona ilipofunga makanisa, wachungaji ambao hawakuwahi kushika kamera wakajikuta wanahubiria simu iliyofungwa kwenye kigoda. Mwaka huohuo CapCut ikaanza kuenea duniani, na kijana yeyote wa Mtwapa au Watamu akaweza kufanya kwa kidole kazi ambayo zamani ilihitaji chumba kizima cha mitambo. Kukata, kuunganisha, kuweka muziki wa kuliza, kuandika maneno makubwa ya njano juu ya uso wa mtu.

Sasa nije Shakahola. Najua jina hili linauma. Humu mna waliopoteza ndugu.

Tunapoisimulia Shakahola tunasema msitu, njaa, makaburi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Kesi ya mauaji iko mahakamani na Paul Mackenzie amekana mashtaka, kwa hiyo hukumu hiyo si yangu. Lakini kuna hukumu nyingine ambayo imesahaulika. Desemba 2023, mahakama hapa Malindi ilimfunga miezi 12 kwa kuendesha studio ya filamu na kutengeneza filamu za mahubiri yake bila leseni. Mahubiri hayo yalirushwa kupitia Times TV na kwenye YouTube. Mwaka 2019 alitangaza kufunga kanisa lake, na mlango wa Malindi ukafungwa. Video zikabaki mtandaoni, zikaendelea kuhubiri.

Wengine waliofika ule msitu walitoka mbali, hata magharibi mwa Kenya. Fikiria mama aliyetazama akiwa huko. Hakuwa na jirani wa Malindi wa kumwuliza, "Huyu mtu mnamwonaje? Watoto wa washirika wake wanaenda shule?" Krapf aliweza kuulizwa maswali ya namna hiyo. Skrini haiulizwi. Naamini leseni peke yake isingewaokoa watu wale, ingawa sheria ina kazi yake. Swali la jirani lingeweza kuwaokoa baadhi yao.

Na mkasi bado unanolewa. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walitangaza programu iitwayo VALL-E, inayoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kusikia sekunde 3 tu. Sekunde tatu! Mahubiri yangu ya Jumapili ni saa nzima, na yako wazi kwa yeyote.

Watu wa Beroya katika Matendo 17 walimsikiliza Paulo mwenyewe, kwa masikio yao, na bado wakaenda kuchunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyosema ni kweli. Biblia inawasifu kwa hilo. Paulo hakukasirika.

Kwa hiyo nakuomba, dada yangu, kaka yangu. Kabla hujasambaza klipu ya mhubiri yeyote, hata yangu, tafuta ibada nzima usikilize dakika kumi za kabla na kumi za baada. Ukisikia sauti yangu au video yangu ikikuomba utume pesa kwa M-Pesa, usitume. Mpigie kwanza mzee wa kanisa unayemjua kwa uso. Na wewe mzazi, leo usiku keti na mwanao akuonyeshe anavyohariri video. Mwambie akate maneno yako mbele yako, uone mwenyewe yanavyogeuka.

Jumatano saa kumi na mbili jioni tutasoma Matendo 17 pamoja kanisani. Njoo na Biblia yako na maswali yako.