Tarehe ya nyumba ya Epworth

Kwetu Ribe, Wamethodisti walikofika mwaka 1862, husemwa kanisa letu lilianza Mei 1738, John Wesley alipoguswa moyo mtaa wa Aldersgate, London. Mimi sikubali. Lilianza jikoni kwa mama yake, Epworth, Lincolnshire.

Bibi Susanna alizaliwa London mwaka 1669, binti wa Dakta Samuel Annesley. Wazee walimhesabu kuwa mtoto wa 25, kitindamimba. Aliolewa na Samuel Wesley, kasisi mwenye madeni, akamzalia watoto 19. Waliokua ni 10.

Februari 1709 nyumba iliungua usiku na maandishi ya Bibi yakateketea. John, wa miaka mitano, alitolewa dirishani. Mwaka uliofuata Bibi alishika tena kalamu, akamwandikia binti yake Sukey barua ndefu ya kumfafanulia Imani ya Mitume.

Sasa jikoni. Kasisi alikuwa London. Binti yao Emilia akaona katika chumba cha baba kitabu cha habari za wamisionari wa Denmark kule India. Bibi akasomewa, akawaka moyo, akaanza kuwasomea watoto na watumishi hotuba Jumapili jioni. Kijana mtumishi akawaambia wazazi wake, wakaja. Wakaja majirani, hata wakapita 200, wengine wakarudi kwa kukosa nafasi. Kasisi msaidizi akashtaki kwa barua. Mume alipoandika aache, Bibi alijibu Februari 1712 kwamba matakwa yake hayatoshi. Kama anakataza, na atoe amri kamili, ili siku ya hukumu yeye Bibi asidaiwe roho za watu wale.

Nisisahau vishindo vya Desemba 1716. Kitu kisichoonekana kiligonga kuta na ngazi, kikazidi kila mzee alipomwombea Mfalme George. Emilia alikiita Jeffrey. Mama na mabinti waliyaandika hayo kwa Samuel, kaka mkubwa, na ndiyo sababu tunayajua.

 

Bibi alizikwa Bunhill Fields, London, tarehe 1 Agosti 1742. Siku hiyo katika kitabu chake cha kumbukumbu John aliandika kwamba mama yake naye, kwa kadiri yake, alikuwa mhubiri wa haki. Akanakili papo hapo barua ile ya jikoni, na nyingine ya mwaka 1732 aliyoandikiwa yeye juu ya malezi ya watoto.